Bahshishi ya Mhudumu: Tumwachie Kiasi Gani?

Mwezi huu naomba tukae kidogo kwenye jambo linaloonekana dogo, ila limekwisha kuleta manung'uniko katika ndoa kadhaa na hata katika vikundi vyetu vya akina mama. Ni ile dakika ya mwisho hotelini. Mmekwisha kula, bili imeletwa katika kisahani, mmelipa na chenji imerudi. Mhudumu amesimama pembeni, anafuta meza ya jirani kana kwamba haoni. Je, ile chenji uikusanye yote utie mkobani, uache kidogo, au uiache yote?

Dada mmoja ametuandikia hivi: "Mume wangu kila tunapokula nje humwachia mhudumu pesa. Mimi naona ni kulipa mara mbili, maana chakula tumekwisha kukilipia na mhudumu ana mwajiri wake. Tena kanisani tumefundishwa kwamba pesa ya pembeni ni rushwa. Tumebishana juu ya jambo hili mpaka siku nyingine tunarudi nyumbani hatusemezani. Nani kati yetu yuko sahihi?"

Dada yangu, asante kwa barua yako. Umeuliza maswali mawili, nami nitaongeza la tatu. Kwanza, je, bahshishi ni rushwa? Pili, kwani mhudumu halipwi mshahara? Na la tatu, ambalo ndilo wengi wanalotaka kujua: kama ni kutoa, mtu atoe kiasi gani?

JE, BAHSHISHI NI RUSHWA?

Nashukuru kwamba dhamiri yako inakuuliza. Sisi tunaofanya kazi hospitalini swali hili tunakutana nalo kila wiki. Ndugu wa mgonjwa anakuvuta pembeni, anataka kukutumbukizia noti mfukoni, anasema, "Sista, hii ya soda tu, mwangalie mama yangu vizuri." Noti ile hurudishwa, hata kama aliyeitoa ana moyo mweupe kabisa. Kwa nini? Kwa sababu kumhudumia mama yake ni haki yake. Leo nikipokea ya soda kutoka kwa huyu, kesho yule wa kitanda cha pili asiye na kitu atadhani kwamba dawa yake inasubiri noti. Mwisho wake ni mgonjwa kufa mlangoni huku familia inatafuta pesa ya kumpa muuguzi.

Sasa linganisha na mhudumu wa hoteli. Umekula kwanza, ndipo ukatoa. Hakuna aliyekudai. Ulichopata si haki ya umma uliyotakiwa kuipata bure, ni biashara. Na mteja wa meza ya pili hakupoteza kitu kwa sababu wewe ulishukuru.

Kwa hiyo jiulize maswali matatu kila unapotoa pesa ya namna hii. Inatolewa lini, kabla ya kazi ili ikufungulie njia, au baada ya kazi kama shukrani? Je, aliyepokea alikuwa na wajibu wa kukuhudumia bila malipo, kama vile muuguzi wa serikali, karani au askari wa barabarani? Na je, kuna mtu nyuma yako aliyeumia kwa sababu wewe umetoa?

Ukiyatumia maswali hayo utaona kwamba hata hotelini rushwa inaweza kuwapo. Mtu anayeingia Jumapili mchana, akakuta watu wanasubiri meza, kisha akampenyezea mhudumu elfu tano ili awapite wenzake, huyo hakutoa bahshishi. Amenunua zamu ya mtu mwingine. Lakini anayeacha elfu moja mezani baada ya kula, hana hatia yoyote. Katika hilo, dada, mume wako yuko sawa.

KWANI MHUDUMU HALIPWI MSHAHARA?

Analipwa, au anatakiwa kulipwa. Lakini tuutazame mshahara wenyewe. Hapa Tanzania, Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha Sh 150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa mikahawa, nyumba za wageni na baa. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, unapata kama Sh 5,800 kwa siku. Viwango vya sekta binafsi vilitangazwa kupanda tena Oktoba 2025, kuanzia Januari 2026, na tunashukuru kwa hilo. Hata hivyo, fanya hesabu ya chumba cha kupanga, nauli ya daladala kwenda na kurudi, na mtoto aliyeachwa kwa bibi kijijini, ndipo utajua kile kinachobaki. Tena wapo wasiofikia hata hicho kima, kwa sababu waliajiriwa kwa maneno ya mdomo tu.

Mabinti hawa ni nani? Ni watoto wetu. Wengi wametoka vijijini baada ya kidato cha nne, wengine hata darasa la saba. Wanasimama kutwa nzima, miguu imevimba. Tunawaona kliniki, wana maumivu ya mgongo na mishipa iliyotuna miguuni, nao umri wao ni miaka ishirini na kitu tu. Mteja akiondoka bila kulipa, mara nyingi binti ndiye anayekatwa. Sahani ikivunjika, anakatwa.

Maandiko hayakunyamaza juu ya watu hawa. Fungua Kumbukumbu la Torati 24:14-15 usome mwenyewe namna Mungu anavyomtetea kibarua maskini, kwamba ujira wake usilale mikononi mwa mwajiri hata usiku mmoja, maana ameutegemea kwa moyo wake wote. Soma pia Yakobo 5:4 uone kwamba kilio cha waliozuiliwa ujira kinafika masikioni mwa Bwana.

Hapa lakini tuwe waangalifu. Maneno hayo yanamhusu mwajiri kwanza. Mteja hakufanywa kuwa mwajiri, na bahshishi yako haiwezi kusimama mahali pa mshahara. Hapo, dada, na wewe una hoja. Mwenye hoteli asijifiche nyuma ya ukarimu wako. Lakini wakati tukisubiri mambo yatengenezwe, binti amesimama pale leo, na nauli ya kurudi nyumbani anaihitaji leo.

KIASI GANI, BASI?

Kwetu hakuna sheria inayomlazimisha mteja kuacha kitu. Asiyekuwa nacho akisema "asante mwanangu, umetuhudumia vizuri" hajatenda dhambi. Lakini kwa familia inayoweza kula nje, nashauri kipimo rahisi: sehemu moja ya kumi ya bili. Hesabu yake haihitaji kalamu, unaondoa sifuri moja tu. Bili ikiwa Sh 20,000, acha 2,000. Ikiwa Sh 35,000, acha 3,500, au 3,000 kama mkono ni mfupi. (Na tafadhali, usije ukaichanganya na zaka. Ya Bwana ni ya Bwana, na mhudumu apate yake!)

Kipimo hicho kinabadilika kufuatana na mahali:

Kwa mama lishe. Hapa mwenye biashara ndiye anayepika, ndiye anayepakua. Hakuna desturi ya bahshishi, ingawa kumwambia "chenji baki nayo" kunamfurahisha. Heshima kubwa zaidi unayoweza kumpa ni kulipa papo hapo. Mama huyu alinunua mchele na mkaa kwa pesa taslimu alfajiri, na wateja wanaomwambia "nitakuona mwisho wa mwezi" ndio wanaomfilisi. Ukiwa na deni kwa mama lishe, lipa kwanza kabla hujajionyesha mkarimu kwenye hoteli kubwa.

Mgahawa wa kawaida. Hapa ndipo kipimo cha sehemu ya kumi kinapofaa zaidi. Kama mmekunywa chai na maandazi tu, mia tano inatosha.

Hoteli kubwa. Soma bili yako kabla ya kulipa. Baadhi ya hoteli, hapa kwetu na hata Kenya, huongeza malipo ya huduma katika bili yenyewe. Kama yamo, umekwisha kutoa, si lazima uongeze. Angalia pia usidanganyike na kodi ya ongezeko la thamani. Ile ni ya serikali, mhudumu hapati hata senti moja humo.

Nchi za nje. Akina mama wengi siku hizi wanakwenda kuwatembelea watoto wao ng'ambo, na huko desturi ni nyingine. Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bahshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991, wakati kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25 tangu 2009. Bahshishi ndiyo inayojaza pengo, na isipojaa mwajiri anatakiwa kuongeza. Majimbo mengi yana viwango vya juu zaidi ya hapo, na mengine kama California yanataka mhudumu alipwe kima kamili kabla ya bahshishi. Hata hivyo, wateja wengi huko huacha kati ya asilimia 15 na 20. Kwa hiyo mwanao akiacha dola nane kwenye bili ya dola arobaini, usimgombeze mbele ya watu kwamba anatapanya. Ukienda Japani, usiache kitu, maana huko si desturi na wanaweza kukukimbilia nje wakurudishie pesa yako.

CHAKULA KIKICHELEWA

Wengine husema, "Mimi ningetoa, lakini chakula kilichelewa saa nzima." Tuchunguze kwanza kosa ni la nani. Mhudumu hapiki. Gesi ikiisha, umeme ukikatika, kuku akiwa bado anachomwa, yeye ndiye anayetumwa kuja kukabiliana na hasira yako. Kama alikuja akakueleza ukweli, akakuletea maji na kuomba radhi, huyo amefanya kazi mbili. Kumnyima ni kumpiga mjumbe.

Lakini kama kosa ni lake, amejibu kwa kiburi au amekuacha huku akichezea simu, hulazimiki kumpa sawa na aliyekutumikia kwa moyo. Mwambie taratibu, bila kupaza sauti, au zungumza na msimamizi wake faraghani. Kuondoka umenuna bila kusema neno hakumfundishi. Atadhani wewe ni bahili tu, na mteja anayefuata atatendewa yale yale.

TUKIWA KUNDI

Sasa niseme na sisi wenyewe, akina mama wa vikundi. Semina imekwisha, tuko kumi na wawili, tumeingia mgahawani na vitenge vyetu vya umoja. Tumesogeza meza tatu. Huyu anataka maji ya moto, yule anataka limau, mwingine amebadili ndizi akataka wali baada ya ndizi kuletwa. Tumekaa saa mbili. Mwisho bili ni Sh 120,000, zinaanza hesabu za nani alikunywa soda na nani alikunywa maji, na mezani inabaki sarafu ya mia mbili pamoja na kipeperushi cha mkutano wa Injili.

Wapendwa, kipeperushi ni kizuri, lakini binti yule atakisoma kupitia ile mia mbili. Amekwisha kuona vitambaa vyetu na anajua tunatoka kanisa gani. Mhubiri wa kwanza mezani pale ni mwenendo wetu.

Dawa yake ni rahisi. Mnapopanga kula nje, mweka hazina akusanye pesa kabla, na bahshishi iwe ndani yake. Kama chakula ni Sh 10,000 kwa kila mmoja, kila mtu atoe 11,000. Kwa watu kumi na wawili hiyo ni Sh 12,000 ya mhudumu, na hakuna aliyeumia. Kama elfu moja ile ni nzito kwa wenzetu wengine, tuchague mgahawa wa bei nafuu zaidi, au tunywe maji badala ya soda.

Ushauri huo unawafaa pia mume na mke. Mezani si mahali pa kubishana. Mnapopanga bajeti ya kutoka, semezaneni nyumbani: chakula kiasi hiki, nauli kiasi hiki, mhudumu kiasi hiki. Likishakubaliwa sebuleni, hakuna atakayemkanyaga mwenzake mguu chini ya meza.

PESA ISIYO NA NDOANO

Jambo hili naliandika kwa uchungu. Kuna bahshishi nyingine inayotolewa na ndoano ndani yake. Mwanamume anaacha elfu kumi kwenye bili ya elfu kumi na tano, kisha anaomba namba ya simu. Kesho yake anarudi, anataka kuhudumiwa na binti yule yule, na binti anaogopa kumkataa kwa sababu ni mteja mkubwa na mwenye hoteli anamtazama. Wodi za wazazi na kliniki zetu zinajua hadithi ya namna hii inavyokwisha.

Tuwafundishe wana wetu wa kiume, na tuzungumze na waume zetu bila ugomvi: shukrani haina masharti. Toa kwa kiasi, mkononi au chini ya kisahani, sema asante, ondoka. Aliyekupa tabasamu alikuwa kazini, hakukupa ahadi.

Na kwa kuwa siku hizi wengi tunalipa kwa simu, kumbuka kwamba pesa unayoituma kwa namba ya malipo ya hoteli inaingia kwa mwenye hoteli. Ukiongeza elfu mbili humo, huenda binti asiione kamwe. Beba noti ndogo au sarafu mkobani kwa ajili ya mhudumu. Hapo hatalazimika kukupa namba yake binafsi ili umrushie. Unaweza pia kuuliza kwa upole, "Hii ni yako, au mnagawana?" Mahali pengine kuna kisanduku cha wote, na hilo ni jema, maana mwosha vyombo aliye nyuma hakuna mteja anayemwona.

KWA WENYE HOTELI NA MIKAHAWA

Najua miongoni mwa wasomaji wetu wako akina mama wenye migahawa. Nanyi nawasihi. Bahshishi ni ya aliyetumika, msiichukue wala msiihesabu kuwa sehemu ya mshahara. Uingereza imefikia hatua ya kutunga sheria mwaka 2023, iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2024, inayomtaka mwajiri awape wafanyakazi bahshishi yote bila kukata. Sisi tusisubiri kulazimishwa.

Kuhusu kukata mshahara kwa sahani iliyovunjika au mteja aliyetoroka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania imeweka mipaka. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake. Kumkata binti mshahara wote kwa sababu wanaume wanne walikula nyama wakapitia mlango wa nyuma ni kinyume cha sheria ya nchi, na kwa Mungu pia halina utetezi.

YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Someni Kumbukumbu la Torati 24:14-15 na Luka 10:7. Ni nani katika mtaa wetu anayetutumikia kila siku na ujira wake unacheleweshwa? Je, yumo msichana wa kazi wa nyumbani kwetu?

2. Tajeni mfano mmoja wa pesa ya shukrani na mmoja wa rushwa katika maisha yetu ya kawaida. Tofauti yake ni nini?

3. Kikundi chetu kitakapokula nje tena, mweka hazina akusanye kiasi gani kwa kila mmoja?

Mpendwa, kabla hujatoka nyumbani wiki hii, weka noti mbili tatu ndogo katika mfuko wa pembeni wa mkoba wako, mbali na pesa ya soko. Ukimpa mhudumu, muulize jina lake ulitaje unapomshukuru. Kisha, ukifika nyumbani, litaje tena katika sala yako ya jioni.

Mungu azibariki nyumba zenu na meza zenu. Tukutane mwezi ujao, akitujalia uzima.